Mpira wa Majina

Jumatatu, 8 Julai

Upepo tena. Vumbi kwenye chai, kwenye chaki, kwenye meno. Shule imefunguliwa juzijuzi tu na tayari sauti imenikauka.

Mchana michezo na darasa la saba. Niliwaambia wajigawe makundi, kila kundi lijichagulie jina. Nilitegemea Simba na Chui. Wamejiita Alizeti, Asali, Trekta na Mashudu. Nikauliza mtu mwenye akili anajiitaje mashudu, makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa. Juma akasema ng'ombe wanayapenda.

Mchezo wenyewe fundo. Mnasimama duara, mnashikana mikono kwa kukatisha, halafu mjifungue bila kuachiana. Hamfunguki msipozungumza. Wavulana hawakutaka kushika mikono ya wasichana, wakaokota vijiti, huyu kashika huku, yule kashika kule. Nimevumilia vijiti. Alizeti wakawa wa kwanza kufunguka, na ni kwa sababu ya Salome. Haamrishi. Anauliza: mkono wako wewe uko wapi? Halafu anamwambia mwingine ainame apite chini. Huyu mtoto angefaa kuwa mkuu wa mkoa.

Mkuu wa shule alisimama mlangoni akaniuliza kama hayo yamo kwenye mtihani. Nikasema yamo kwenye maisha. Akacheka. Nami nikacheka, maana ndiye anayepanga ratiba.

Alhamisi, 11 Julai

Niandike kwa nini nafanya haya, nisije nikasahau siku nitakapochoka.

Watoto wa hapa wanajua kunyamaza kuliko kitu kingine chochote. Ukiuliza swali, darasa zima linatazama madawati. Mtoto anaumwa tumbo, atakaa nalo mpaka aanguke ndipo ujue. Nilipotoka kwenye semina Singida mjini (soda, karanga, mwezeshaji mwenye sauti ya redio) niliamini kabisa kwamba wakicheza pamoja watajifunza kusema. Bado naamini. Leo Juma, ambaye tangu nimjue hajawahi kumaliza sentensi, amebishana na Trekta nzima kuhusu nani kakanyaga mstari. Kelele tupu. Nimefurahi sana.

Jumatatu, 15 Julai

Mpira wa majina. Mpira ni wa matambara. Kabla ya kurusha, unataja kwa sauti jina la unayemrushia. Usipotaja, kundi linaanza upya. Ukizunguka kwa wote bila kuanguka, mmeshinda.

Alizeti wameshindwa. Na aliyewaponza ni Salome. Kila mpira ukimfikia na mtu aliye wazi ni Mkumbo, mvulana wa kundi lao, anaganda. Anaukumbatia mpira kifuani. Mara moja alisema "wewe". Nikapiga filimbi, anzeni upya. Mara nyingine alimtazama tu kijana wa watu. Filimbi. Wenzake hawakumlaumu, na hilo lilinishangaza, maana kwa lawama watoto hawa hawajambo. Mimi ndiye niliyemsema. Nilimwambia mbele ya wote kwamba anayenyamaza anawaangusha wenzake. Akainamisha kichwa. "Nisamehe madamu."

Nadhani amegombana na Mkumbo. Au anampenda. Umri wenyewe ndio huo.

Alhamisi, 18 Julai

Kipofu na kiongozi. Mmoja anafungwa kitambaa, mwenzake anamwongoza kwa maneno kupita katikati ya matofali. Kwa makusudi nikampa Salome amwongoze Mkumbo.

Hakugusa tofali hata moja. Kulia kidogo. Inua mguu. Hapo hapo, pumzika. Sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa anywe uji. Mkumbo alimwamini mpaka akawa anatabasamu chini ya kitambaa.

Kwa hiyo hawajagombana. Sielewi kitu.

Jumatatu, 22 Julai

Siku nzuri kuliko zote tangu nihamie hapa.

Mpira wa majina tena. Kabla ya kuanza, Neema wa Alizeti alinyoosha mkono, akaomba wakae kidogo pembeni. Wakachuchumaa kichwa kwa kichwa. Wakarudi wakiwa na majina mapya: Jembe, Debe, Chungu, Kinu. Mkumbo ni Gunia. Neema akasema kanuni inataka jina, haikusema lipi. Nikaona nimebanwa vizuri. Wakacheza. Mpira ukapita kwa Salome, Salome akapaza sauti "Gunia!" na Mkumbo akaudaka. Wameshinda kwa mbali sana.

Hiki ndicho alichokuwa akikisema yule mwezeshaji. Watoto wameona tatizo. Wamekaa, wamezungumza, wamepata njia isiyomwacha mtu nyuma. Bila mimi! Nimewapa peremende na nimewasifu mbele ya mkuu. Jioni nimejipikia pilau peke yangu kama mtu mwenye sherehe.

Jumamosi, 27 Julai

Mama kapiga simu kutoka nyumbani Kintinku. Habari za kule. Mtama umeshapurwa. Mbuzi mmoja kapotea, kapatikana. Baba ana kikohozi lakini kaenda kibaruani.

Baba anayemsema ni mdogo wangu wa mwisho. Amepewa jina la babu, mzaa baba yetu. Mama hajawahi kulitamka jina hilo tangu aolewe, na alipomzaa mtoto akapewa jina hilo hilo, akamwita Baba. Anamfokea "we Baba, hebu oga!" na sisi hatucheki, tumezoea. Baba mkwe hatajwi. Ni hivyo kwetu, na huku Iramba na Mkalama kwa wanaoshika mila ni hivyo hivyo.

Nilikuwa nachambua mchele nikimsikiliza. Mkono ukasimama. Nikamwona Salome, mpira kifuani.

Mama akaniuliza mbona umenyamaza. Nikasema mtandao.

Jumapili, 28 Julai

Sijaenda kanisani. Nimekaa ndani najiambia si hivyo. Mtoto wa darasa la saba. Labda anaona haya tu. Labda Mkumbo ni jina la babu yake na bibi kamkataza. Nimetafuta sababu nyingine kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa gauni lisilo na mfuko.

Jumatatu, 29 Julai

Nimemwita Neema stoo, tukawa tunahesabu majembe ya shule. Nikamuuliza bila kumtazama. Alikwaruza ukuta kwa kucha. Kisha akasema.

Kuna watu walikuja kutoka Ulemo wakati wa likizo. Ng'ombe wa mahari wamekuja, sio wote. Kijana sijui nani, ana pikipiki. Baba wa huyo kijana ni Mzee Mkumbo. Hana undugu na Mkumbo wetu, jina tu, huku limejaa. Bibi yake Salome alimkalisha chini akamwambia kuanzia leo jina hilo hulitaji, lizoee. Atachukuliwa akimaliza la saba.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akanishangaa. "Darasa zima, madamu. Tulidhani unajua."

Darasa zima. Ndiyo maana hawakumlaumu. Ndiyo maana wakamwita Mkumbo Gunia. Waliona mwenzao ana mkwe, wakamsaidia kumheshimu. Na mimi nikawapa peremende.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimezungumza na Salome mwenyewe. Nilijiambia: usiende haraka, Rehema, nenda polepole. Nikaenda polepole. Alinisikiliza kwa adabu yote, mikono nyuma. "Hapana madamu, hakuna kitu kama hicho." Akatabasamu. Tabasamu zuri la kumtoa mgeni njiani.

Mtoto anayeweza kufungua fundo la mikono ya watu wote hao kwa kuuliza tu. Mbele yangu kajifunga yeye.

Nina hasira na kila mtu leo. Hata na kuku wa jirani.

Ijumaa, 2 Agosti

Mkuu wa shule kanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Halafu akauliza ushahidi. Nikasema: alikataa kutaja jina mchezoni. Nilijisikia nikiyasema nikaona aibu. Ushahidi wangu ni mpira wa matambara.

Akasema mtoto anakuja shuleni kila siku, hajafukuzwa, hana mimba, kosa liko wapi? Akasema nyie watu wa Kintinku mnazaliwa kando ya reli, ndiyo maana mna haraka. Utani wake huo siku zote. Leo haukuniingia.

Nimemwambia nitaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akasema nenda, ila umesikia, mimi sijakutuma.

Jumanne, 6 Agosti

Mtendaji aliita kikao ofisini kwake. Baba wa Salome, bibi yake, mkuu, mimi. Salome na Mkumbo wakaitwa kutoka darasani. Nilieleza. Baba akacheka, sio kwa ubaya, kama mtu aliyesimuliwa ndoto. Akasema watu wa Ulemo walikuja kununua alizeti. Bibi hakusema kitu, alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

Mtendaji akasema hili dogo, tulimalize sasa hivi. Mwanangu, huyu mwenzako anaitwa nani?

Nilisikia bati likilia kwa upepo. Nikawaza, sasa wataona. Mungu anisamehe, nilikuwa namwombea anyamaze.

Salome akamtazama bibi yake. Bibi akashusha macho chini, akayaacha huko. Na Salome akasema, wazi kabisa, kama nilivyowafundisha, kichwa juu: "Mkumbo."

Basi. Mtendaji akapiga mikono pamoja. Yamekwisha, mwalimu. Baba akaniaga kwa heshima. Bibi aliponipita alisema neno moja tu kwa Kinyiramba, sikulielewa, na sikumtafuta mtu wa kunitafsiria.

Salome alikuwa ametoka nje, anasukutua mdomo bombani. Anasukutua, anatema. Anasukutua, anatema.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu. Nimefua kila kitu, mpaka pazia.

Nimempigia afisa mmoja wa wilaya, wa ustawi wa jamii, namba nilipewa na rafiki. Mpole. Alisema mtoto mwenyewe akisema, hata neno moja, gari linakuja. Akisema mwenyewe.

Jumatatu, 12 Agosti

Mkuu amefuta michezo darasa la saba mpaka mtihani upite. Wazazi wanalalamika, anasema, watoto wanafundishwa kupiga kelele majina ya wakubwa. Nikaomba niwafanyie mapitio ya masomo kwa kukimbia. Mapitio, akasema, hayo sawa. Angalau hilo.

Alhamisi, 15 Agosti

Pembe nne za uwanja: A, B, C, D. Nasoma swali na majibu yake, kila mtoto anakimbilia pembe ya jibu lake. Kama mtihani wenyewe, ila kwa miguu. Walifurahi, vumbi likapanda mpaka barabarani.

Salome alikosa la kwanza. Akakosa la pili. Nikadhani hana raha, na nani angekuwa na raha. Nikaendelea kusoma. Kiswahili, hesabu, sayansi. Akawa anakwenda bila haraka kwenye pembe yake, anasimama peke yake. Juma, ambaye anakimbia kokote upepo unakompeleka, alipata kadhaa kwa bahati tu. Yeyote anayebahatisha hupata kadhaa. Salome hakupata hata moja. Hata kwa makosa hakusimama mahali pa kweli.

Nikaanza kuuliza magumu, ambayo hata mimi niliyatazama mara mbili. Kabla sijamaliza kusoma, jicho lake lilikuwa limeshakwenda kwenye pembe ya jibu. Jicho lilikwenda. Miguu ikaenda kwingine.

Kukosa yote ni kazi ya anayejua yote. Anafanya mazoezi ya kufeli. Akifaulu atapangiwa sekondari, na kumwondoa mwanafunzi wa sekondari ni kesi. Akifeli hakuna kesi. Nimewahi kusikia walimu wa zamani wakisimulia mambo haya, mzazi anamwambia binti ajaze ovyo. Nilidhani ni ya zamani.

Jumatatu, 19 Agosti

Sikutaka kucheza pembe nne tena. Watoto wakaniomba.

Swali la kwanza, Salome kaenda B, jibu ni D. Amesimama peke yake, upepo unampiga sketi. La pili, akaenda A, peke yake. La tatu, nikamwona Neema ameanza kukimbilia penye jibu, akapunguza mwendo, akageuka. Akaenda kusimama na Salome. Halafu Mkumbo akaenda. Halafu Alizeti wote. Halafu Juma na Mashudu wake, ingawa Juma nadhani alifuata watu tu. Swali lililofuata darasa karibu zima lilikuwa kwenye pembe isiyo sahihi, limebanana, linanitazama. Hakuna aliyecheka. Salome alikuwa katikati yao.

Nilitaka nipige filimbi. Kwa kosa gani? Nimewafundisha asiachwe mtu peke yake. Wamejifunza. Lakini hakuna aliyemshika mkono akamvuta kwenye jibu, na mimi mwalimu sikumvuta. Nilijisikia kulia, nikasingizia vumbi limeniingia machoni.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimemsubiri njia ya bombani. Nikachukua ndoo yake moja, tukatembea. Sikuuliza chochote kuhusu Ulemo. Nikamwambia tu: karatasi ya mtihani haionwi na mtu wa nyumbani. Baba haioni. Bibi haioni. Inafungwa, inakwenda. Jaza unachokijua, halafu useme ulijaza ovyo, bahati ikakuangukia.

Alitembea kidogo. Ndipo akasema, na ndiyo mara pekee aliyosema: "Bibi amenilea tangu mama afe, madamu. Aliniapisha. Nikifaulu nimemvua nguo mbele ya watu, na radhi yake sina."

Nikasema bibi hatajua.

Akasema, "Mungu anajua."

Nikamwomba aseme neno moja kwa yule afisa, simu ninayo hapa, ni kubonyeza tu. Akaniomba ndoo yake. Akanishukuru kwa kumsaidia kubeba.

Alikuwa na maji tayari kwa ajili ya usiku, na alikuwa na wadogo zake wa kuogesha. Hana hata miaka kumi na tano.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimemwota bibi yake Salome. Ananiuliza wewe mwenyewe umeolewa? Nikaamka nimekasirika.

Simchukii, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilipita kwao jana. Alinipa mlenda uliokaushwa, akanifungia kwenye gazeti. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Alizika binti yake akamlea mjukuu. Anadhani anamweka mahali salama kabla hajafa mwenyewe. Ningemwambia nini? Nilijaribu kusema sekondari. Akasema wa jirani alikwenda sekondari akarudi na tumbo, na hakuna aliyeleta hata kuku. Ni kweli, yule binti namjua.

Jumanne, 10 Septemba

Kesho mtihani. Wamefagia darasa, wamebandika namba kwenye madawati. Nimewaaga kundi kwa kundi. Kwa Salome nilisema maneno yale yale niliyowaambia wengine. Kila la heri. Fanya unachokiweza.

Akaitikia, "Ndiyo madamu." Nikatafuta usoni mwake. Kuna muda nilidhani nimeona kitu.

Jumatano, 11 Septemba

Walimu wa shule haturuhusiwi kukaribia. Wasimamizi wametoka kwingine, na askari mmoja. Nimekaa chini ya dirisha la ofisi nachambua maharage ya chakula cha watoto. Namwona kwa mbali kupitia mlango ulio wazi, kisogo chake tu. Ameinama anaandika. Anaandika kwa utulivu. Nimeomba kila nilichojua kuomba.

Alhamisi, 12 Septemba

Wamemaliza. Wamerushiana maji, wakaimba. Salome kanipungia mkono kutoka langoni.

Ninajua alijaza kweli. Ninajua.

Jumanne, 29 Oktoba

Matokeo. Mtandao ulisumbua asubuhi yote, tukazunguka na simu ya mkuu mpaka juu ya kichuguu nyuma ya vyoo.

Neema amefaulu. Mkumbo amefaulu vizuri sana. Juma amefaulu! Mkuu alisoma mara mbili akauliza kama kuna Juma mwingine.

Salome E. Kila somo E. Kiswahili E, na alikuwa anaandika insha mpaka nazisoma kwa walimu wenzangu wakati wa chai.

Mkuu alinipa simu niangalie mwenyewe. Akanigusa bega, akashuka. Ni mtu mwema mkuu wetu, na wema wake haujamsaidia mtu yeyote leo. Kama wangu.

Jumanne, 5 Novemba

Kwa mtendaji tena. Alinionyesha kiti kabla sijasema. Mwalimu, akasema, sasa si mwanafunzi tena. Akafungua mikono, haina kitu. Sina cha kukufanyia.

Nimempigia afisa wa wilaya. Simu haipatikani. Leo Jumatano, nikiongezea haya, nimempigia tena, akapokea, akauliza: mtoto mwenyewe amesema? Nikasema hapana. Akavuta pumzi. Akaniambia pole.

La kuvunda halina ubani.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo wamekuja kumchukua. Mvua ya kwanza ya maana imenyesha alfajiri na barabara imekuwa tope, kwa hiyo gari la Ulemo lilikwama pale kwenye mteremko. Nilikuwa ndani. Nilikuwa nimealikwa, niende kutoa neno kwa niaba ya walimu. Nilisema naumwa. Ni kweli, naumwa.

Kupitia dirishani nikaona darasa la saba langu lote la zamani wanalisukuma. Mkumbo anahesabu kwa sauti, moja, mbili, sasa! Neema anawapanga upande wa kushoto. Juma anatia mawe chini ya tairi. Hakuna anayegombana na mtu. Sijawahi kuona watoto wakifanya kazi pamoja vizuri hivyo, hata kwenye picha za semina.

Gari likatoka. Likaenda kumchukua.

Nilifunga dirisha. Sikutaka hata kidogo kusikia vigelegele, nikawasha redio, nikavisikia tu.

Jumatano, 8 Januari

Shule imefunguliwa. Darasa la saba jipya, nyuso zile zile za kutazama madawati. Mkuu kaniuliza kama nitaendelea na michezo mwaka huu, mwenyewe ameanza kuipenda, anasema ufaulu umepanda. Nimemwambia nitafikiri.

Jumamosi, 18 Januari

Mnada wa Iguguno. Nilikwenda kutafuta mbegu na sabuni. Jua kali, watu wengi, mbuzi wanapita kati ya miguu.

Nikasikia shikamoo madamu. Ni Salome. Amevaa kitenge na kilemba, amenenepa kidogo usoni, amepiga goti kidogo kama wanavyopiga wanawake. Nikasema marahaba. Nikamuuliza hujambo, akasema hajambo. Nikamuuliza nyumbani, akasema wote wazima. Pembeni yake mama mmoja wa makamo, mrefu, kikapu kichwani. Mama mkwe. Salome akamwambia huyu ndiye mwalimu wangu.

Yule mama akashusha kikapu chini kabisa ili anishike mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Wewe ndiye? Asante sana, mwanangu. Huyu mtoto ana maelewano na watu. Pale nyumbani wifi zake walikuwa hawasemeshani, mwaka wa pili huu. Kawakalisha, kawasikiliza mmoja mmoja, sasa wanakwenda bombani pamoja. Nimemuuliza haya umefundishwa na nani, kasema shuleni, kwenye michezo."

Salome alikuwa anatazama mbuzi.

Yule mama hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anashukuru kweli, macho yamemlowa kidogo. Akaniambia wapo watoto wengi wamesoma mpaka huko juu na hawajui kukaa na watu. Akaniambia niendelee hivyo hivyo.

Nikasema asante.

Salome akambebesha kikapu, wakaenda upande wa dagaa. Nikanunua sabuni na mbegu, na vitunguu, nikatafuta pikipiki ya kurudi.